Hatimkato ya Bi. Ohlwein

Siku yangu ya kwanza maktabani nilinyang'anywa kalamu. Bwana Curtis, mkuu wa kitengo cha kupanga nyaraka, alinyoosha kiganja akangoja, na nilipompa akaitumbukiza kwenye kopo lenye kalamu nyingine kama ishirini za watu waliotangulia. Kisha akanipa penseli yenye kifutio, akasema kwa Kiswahili, "Karibu sana, Bibi Lema. Humu ndani wino ni adui."

Nilishtuka, naye akafurahi kwamba nimeshtuka. Bwana Curtis ni Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Washington. Kiswahili alijifunza chuoni ujanani, akakitunza miaka yote kama mtu anavyotunza suti yake ya harusi: alikivaa mara chache, na kila kilipovaliwa kilikuwa kimepigwa pasi. Hakuwahi kuniambia "poa". Aliniambia "naam" na "bila shaka", na siku moja mashine ya kunakili ilipokwama alisema, "Ama kweli hii ni fedheha."

Wanjiru, wewe ndiye uliyeniambia wiki ile ya mwisho, ukiwa unakula keki yangu ya kuagwa, "Mama Lema, usiende na stori zote. Tuandikie. Na uandike Kiswahili, English tumechoka nayo." Basi naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua. Nitaeleza nilivyojifunza kazi, kisha nitaeleza habari za mwandishi mmoja wa riwaya wa Kijerumani, kwa sababu kila mgeni akija mnamwonyesha masanduku yake, na nimesikia mnavyoeleza. Mnakosea.

Nilifika kwenye kazi ile kwa kuzungukazunguka. Nilipokuwa msichana, kanisa letu la Moshi lilinipeleka Leipzig, Ujerumani Mashariki ya wakati ule, nikasomee ukatibu kwa miaka miwili. Nilifundishwa kupiga taipu bila kutazama vidole, kupanga mafaili, na hatimkato ya Kijerumani, yale maandishi ya vistari na vipinda ambayo katibu huandika kwa kasi ya mtu anayezungumza. Mwalimu wetu alitembea nyuma yetu na saa mkononi, na aliyeinua kichwa alianza upya. Nilirudi Moshi na cheti pamoja na koti zito la baridi. Ofisini kwetu barua zote zilikuwa za Kiswahili na Kiingereza. Koti nilimpa mjomba anayekaa juu mlimani. Cheti sikupata wa kumpa.

Nilipomfuata mume wangu huku Marekani, nje kidogo ya Washington, nilifungasha vikombe katika ghala moja Hyattsville, kisha nikaogesha wazee majumbani Annandale, mpaka mgongo ukakataa. Ndipo nikaona tangazo la maktaba yetu: wanatafuta mtu wa kupanga karatasi za wahamiaji, asiyeogopa vumbi. Vumbi nililijua.

Bwana Curtis alinifundisha kwa vitendo. Pini yenye kutu haivutwi. Unapenyeza kipande cha plastiki chini yake, kisha unainua polepole kwa kijisu butu. Barua zikija zimefungwa kwa utepe, usiharakishe kuzipanga kwa tarehe, kwa sababu aliyezifunga alikuwa na sababu zake. Glavu nyeupe ni za sinema. Sisi tunanawa mikono na kuikausha. Mwezi wa kwanza nilikuta kifurushi cha barua za mwenye duka mmoja, mwandiko umelala kama majani baada ya mvua. Nikaandika juu ya jalada: haisomeki. Bwana Curtis alipita, akasimama, akachukua kifutio chake mwenyewe akafuta. Akaandika: haijasomwa.

"Kuna tofauti," alisema. "Ya kwanza unamlaumu marehemu. Ya pili unajilaumu wewe."

Miaka ikapita hivyo, sanduku kwa sanduku. Nilikuwa nimebakiza miaka mitatu na nusu kustaafu wakati gari dogo lilipoleta karatasi za Hedwig Ohlwein kutoka Wheaton. Zililetwa na binti yake, Karin, mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache. Mama yake alikuwa amekaribia miaka tisini, macho yamefifia kiasi cha kuona mwanga na vivuli tu, na nyumba ilikuwa iuzwe ili ahamie kwenye makao ya wazee. Karin alisaini fomu, akaweka juu ya meza katoni moja peke yake.

"Hii sijui mtaifanyia nini," alisema. "Ni madaftari thelathini na moja. Mama anasema ndani yake kuna kitabu. Nimewauliza wasomi wawili wa Kijerumani, wote wamesema si Kijerumani."

Nilifungua daftari la juu. Vistari, vipinda, vitanzi vidogo kama vya mshono. Nilihisi mtu amesimama nyuma yangu na saa mkononi.

"Ni Kijerumani," nilimwambia. "Ni hatimkato."

Mkurugenzi wetu wa wakati ule alikuwa mtu mwema mwenye ratiba. Katika kikao alisema hatuna mtu, hatuna muda, tuyaweke madaftari kwenye sanduku na tuandike kwenye orodha kwamba hayasomeki. Bwana Curtis hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba nitayasoma, kwamba nitayamaliza kwa mwaka mmoja na nusu, na kwamba kazi zangu nyingine hazitachelewa. Sikuwa nimefungua daftari la hatimkato kwa zaidi ya miaka thelathini. Mkurugenzi akaandika kitu kwenye karatasi yake, akasema sawa.

Jioni ile niligundua nimejitia matatani. Hatimkato niliyofundishwa ilikuwa ya kanuni mpya, ya Bi. Ohlwein ilikuwa ya kanuni za zamani, za kabla mimi sijaanza shule, na juu yake alikuwa ameongeza alama zake mwenyewe. Ukurasa wa kwanza ulinichukua siku nne. Niliagiza kitabu cha zamani cha kufundishia kutoka Ujerumani, nikakibeba kila mahali. Nilifanya mazoezi wakati wa chakula cha mchana, na kanisani, Mungu anisamehe, wakati wa matangazo. Baada ya miezi miwili nilikuwa nasoma ukurasa mmoja kwa saa moja. Nikajiwekea kurasa tatu kwa siku, nisipungukiwe, niwe mzima au na mafua.

Alama zake binafsi hakuna kitabu kilichoweza kuzieleza, kwa hiyo nilianza kwenda kwake Wheaton kila Jumatatu na Alhamisi. Kutoka Hyattsville unabadilisha treni mara moja, kisha unapanda ile ngazi ya umeme ya stesheni ya Wheaton ambayo ni ndefu kiasi kwamba mtu anaweza kusali Baba Yetu mara kadhaa akiwa amesimama. Nyumba yake ilikuwa ndogo, ya matofali, mitaa michache nyuma ya jengo kubwa la maduka. Nilimkuta ameketi jikoni, amenyooka, nywele nyeupe zimekatwa fupi.

"Mwanangu anasema umetoka Tanzania," alisema kwa Kijerumani. "Na Kijerumani chako kimetoka Leipzig. Unasema kama polisi wa barabarani wa kule."

"Ndiko nilikofundishwa, Frau Ohlwein."

"Basi keti, Frau Lema. Soma. Nikisikia kosa nitagonga meza."

Aligonga meza mara nyingi. Lakini kati ya kugonga na kugonga alinisimulia maisha yake, na mengine niliyapata kwenye masanduku, kwa hiyo naweza kuyaeleza.

Alizaliwa katika mji mdogo wa mashariki ambao leo uko Poland. Baba yake, fundi viatu, alipelekwa vitani akafia huko. Vita ilipokuwa inaisha, Hedwig akiwa na miaka kumi na minne, yeye, mama yake na mdogo wake Trude wa miaka minne walikimbia kuelekea magharibi kwenye theluji, pamoja na nusu ya mji. Mama na Hedwig walifika. Trude alipotea njiani, katika stesheni ya treni. Hivyo ndivyo ilivyochapishwa nyuma ya vitabu vyake, na ndivyo mnavyowaeleza wageni.

Katika mji uliobomolewa alipitisha matofali mkono kwa mkono mchana, na jioni alijifunza hatimkato katika darasa lisilo na madirisha. Alipata kazi ya ukatibu katika kiwanda cha saruji. Riwaya yake ya kwanza, kuhusu wanawake waliosafisha kifusi, aliiandika nyuma ya fomu za oda za kiwanda. Ziko sanduku la pili, na bado zina vumbi la saruji kwenye mikunjo, msilipanguse. Kitabu kile kilimpa jina. Alialikwa kwenye mikutano ya waandishi, ambako wanaume walisomeana kazi zao na kuhukumiana.

"Walinisifu sana," aliniambia. "Kisha wakaniuliza kahawa iko wapi."

Aliolewa na Mmarekani, karani wa jeshi, akamfuata mpaka Wheaton. Hapo, mume akiwa kazini na Karin akiwa shuleni, aliandika riwaya nyingine nane, zote kwa Kijerumani, katika nyumba ambayo hakuna mwingine aliyesoma lugha hiyo. Mume alijua maneno ya kuagizia bia. Karin alielewa akiitwa kula, akajibu kwa Kiingereza. Hilo halikunishangaza, wangu wawili wananijibu hivyo hivyo nikiwasemesha Kiswahili.

Katika kila riwaya kuna mtoto anayepotea. Wakati mwingine ni sokoni, wakati mwingine ni msituni, na katika moja ni ndani ya duka kubwa. Wahakiki waliandika kurasa nyingi kuhusu mtoto huyo.

"Walisema mtoto ni Ujerumani," alisema Bi. Ohlwein. "Mimi nilikuwa nasema ni mtoto."

Baadaye wasomaji wakapungua. Mchapishaji wake alirudisha riwaya ya nane. Mbili za mwisho zilitolewa na nyumba ndogo ya uchapishaji, watu watatu tu. Baada ya hapo hakutoa kitu kwa zaidi ya miaka ishirini, na kila mtu aliyemkumbuka alidhani ameacha kuandika. Kumbe alikuwa anajaza madaftari.

Riwaya ya mwisho ilikuwa katika madaftari manane ya mwisho, na nilianza na hayo kwa kuwa ndiyo aliyotaka kuyasikia. Ilikuwa ni safari yenyewe, ile ya theluji, kwa mara ya kwanza bila kuficha jina la mtu wala la mahali. Nilisoma majira yote ya joto. Alinikatiza kubadili neno, kufuta sentensi, mara moja kufuta ukurasa mzima ambao mimi niliupenda. Daftari la thelathini na moja liliishia stesheni, watu wamejaa, treni inasikika kwa mbali. Baada ya hapo kurasa zilikuwa tupu.

"Hapa macho ndipo yalipoishia?" nilimwuliza.

"Si macho," alisema. "Sura ya mwisho iko katika daftari la kwanza. Niliiandika zamani, kabla ya kitabu chochote. Nenda kaisome."

Daftari la kwanza halikuwa daftari. Zilikuwa karatasi za kufungia bidhaa, zimekatwa na kushonwa kwa uzi, zimewahi kuloa, na penseli imefifia. Nilizisoma karibu na dirisha kwa kioo cha kukuzia, na kazi ile ilinishinda wiki mbili kabla mimi sijaishinda. Lazima niwaeleze jambo moja la hatimkato ya Kijerumani, na ni hilo tu. Irabu nyingi haziandikwi. Unazijua kwa kutazama alama inayofuata imekaa wapi: imepanda kidogo, imeshuka kidogo, imekolezwa au la. Karatasi isiyo na mistari ikiloa, kupanda na kushuka kunapotea. Unabaki na mifupa ya neno, na nyama unaiweka wewe.

Alhamisi moja nilimpelekea kurasa zile nikiwa nimezipiga taipu vizuri. Nilimsomea. Treni imefika, milango imefunguliwa, watu wanasukumana. Mama yuko ndani tayari na mzigo. Hedwig bado yuko chini pamoja na Trude. Mtu aliye juu ananyoosha mkono. Kisha sentensi fupi, ya maneno mawili, ambayo kwa Kiswahili ni: mbwa nimemwachia. Kisha treni inaondoka.

Nilisubiri agonge meza. Hakugonga.

"Hatukuwa na mbwa," alisema.

"Nilidhani ni mbwa wa mtu mwingine. Njiani watu walikuwa na wanyama."

"Hatukuwa na mbwa, Frau Lema. Soma tena."

Nikatoa nakala ya picha, nikaisogeza kwenye mwanga wa dirisha la jikoni. Kwa Kijerumani mbwa na mkono vinatofautiana kwa irabu moja tu. Nilitazama alama ile mpaka nikaona kuwa imekaa juu kidogo kuliko nilivyodhani, unywele mmoja tu. Nilijua sasa. Nilijua pia kwamba yeye alijua tangu mwanzo, na kwamba ananingoja niseme.

"Ni mkono," nilisema. "Mkono nimeuachia."

"Ndiyo."

Jokofu lake lilikuwa linanguruma. Nilitaka kumshika begani, sikuthubutu.

"Nilimwambia mama kwamba umati ulitutenganisha," alisema. "Mama aliamini mpaka alipokufa, au alijifanya. Vitabu vyote tisa vinasema mtoto alipotea. Mwenye kunivuta alihitaji mikono yangu yote miwili, na nilitaka kupanda. Hiyo ndiyo sababu yote. Nilikuwa naogopa, na nilitaka kupanda."

"Ulikuwa na miaka kumi na minne."

"Usinisaidie. Uliniahidi kusoma." Akaweka viganja vyake juu ya meza. "Una penseli?"

Nilikuwa nayo, miaka ya kazi yetu inakufanya usitoke bila penseli.

"Basi chukua. Tutaiandika upya, kwa urefu wake. Kwa vile ilivyokuwa, si kwa maneno mawili."

Hivyo ndivyo mimi, nikiwa na miaka sitini na kitu, vidole viwili vitatu vikiuma kwa baridi yabisi, nilivyochukua imla ya Kijerumani kwa hatimkato kwa mara ya kwanza tangu mtihani wangu Leipzig. Alisema polepole mwanzoni, kisha akasahau kwamba nipo, akaenda kasi. Nilimfuata. Ilituchukua Jumatatu na Alhamisi za wiki tano. Nyumba ilikuwa imeshapata mnunuzi, na katoni zilikuwa zinapungua kutoka sebuleni kila nilipokuja, mpaka tukabaki na meza ya jikoni na viti viwili.

Katikati ya wiki hizo Karin alinisubiri nje, karibu na gari lake.

"Mama hali chakula vizuri," alisema. "Mnaandika nini mle ndani?"

Nyinyi vijana mtakutana na swali hili, na hakuna fomu inayolijibu. Karatasi zilikuwa za mama yake bado. Nilimwambia kwamba jibu si langu, na kwamba amwulize mwenyewe leo, si kesho. Nilirudi naye ndani kwa sababu aliniomba.

Bi. Ohlwein alimwambia kwa Kiingereza, kwa sentensi chache kama mtu anayetoa ripoti. Karin alisikiliza akiwa amesimama na funguo mkononi.

"Ndiyo maana," alisema. "Tukivuka barabara ulikuwa unanishika mkanda wa koti. Wenzangu wote walishikwa mkono. Nilidhani hunipendi."

"Mkanda hautelezi," alisema mama yake.

Karin aliweka funguo juu ya meza, akakaa kwenye kile kiti changu. Nilichukua mkoba nikaondoka. Yaliyofuata hayakuwa ya maktaba.

Nilimaliza kupiga taipu mwezi mmoja kabla ya tarehe niliyoahidi, madaftari yote thelathini na moja. Mkurugenzi alinipa mkono. Bwana Curtis, ambaye alikuwa ameshastaafu na sasa anakuja Jumatano kunywa chai yetu, alichukua orodha, akaisoma, akatafuta neno la kufuta, hakuliona. "Barabara," alisema.

Ile nyumba ndogo ya uchapishaji ya Ujerumani, watu watatu, sasa wakiwa wawili, ilikichapisha kitabu. Mhariri aliandika kuuliza kama sentensi fulani za sura ya mwisho haziwezi kulainishwa, kwa kuwa msomaji atamhukumu msichana. Nilimsomea Bi. Ohlwein barua hiyo katika chumba chake kipya kwenye makao ya wazee. Akaniambia nijibu kwamba hilo ndilo kusudi. Hakuna neno lililoguswa.

Sifa za magazeti zilikuwa chache na za heshima. Zilizokuja nyingi ni barua, nazo zilitoka kwa wanawake wazee. Mmoja alilelewa na familia ya mkulima baada ya vita, hakuwahi kujua jina la ukoo wake. Mwingine alikumbuka theluji, filimbi ya treni na kofia ya sufu, basi. Mwingine aliandika Kipolandi, na mjukuu wake akatafsiri. Kila mmoja alikuwa na umri ambao Trude angekuwa nao kama yu hai, na kila mmoja aliuliza kwa njia yake kama huenda ni yeye.

Hakuna aliyekuwa yeye. Trude alikuwa na kovu la maji ya moto kwenye mkono wa kushoto, toka kiwiko mpaka kifundo, kitu ambacho mtu hawezi kukikosa. Nilipendekeza tutayarishe jibu moja fupi la kuwatumia wote.

"Hapana," alisema. "Kila mmoja ameandika peke yake."

Basi Jumatatu na Alhamisi zikaendelea. Alinisomesha kila barua mara mbili, kisha akatoa jibu kwa imla. Aliwaambia kuhusu kovu, ili wasingoje bure. Halafu aliwauliza maswali: nani aliwapa jina walilonalo, walipewa chakula gani siku ya kwanza, wanaogopa stesheni mpaka leo au la. Wengi walijibu tena. Mmoja alituma soksi. Alizivaa, ingawa zilikuwa kubwa.

Alifariki asubuhi moja ya Jumanne, Karin akiwa amekaa kando yake. Alhamisi nilikwenda makao yale kwa mazoea, nikafika mpaka kwenye lifti ndipo nikakumbuka. Nilikuwa na barua mpya mkobani, haijafunguliwa.

Wiki iliyofuata Karin alinipigia simu. Alikuwa amekuta bahasha nene chini ya droo ya nguo za mama yake, akaileta maktabani. Ndani yake mlikuwa na nakala za kaboni za barua alizokuwa akiiandikia ofisi moja ya Ujerumani inayotafuta watu waliopotea vitani. Moja kila mwaka, kila mara mwezi wa Januari, toka alipokuwa katibu kiwandani mpaka mwaka ambao macho yalimshinda. Kila barua ilieleza koti, kofia, kovu, stesheni, na kila moja iliambatana na jibu la mistari miwili kwamba hakuna taarifa. Nyingi alikuwa ameziandika akiwa hapa Wheaton, akazituma mwenyewe, na hakuna mtu ndani ya nyumba ile aliyejua. Hata mimi hakuniambia.

Nilizipanga kwa mpangilio wake, ambao kwa bahati ulikuwa wa tarehe. Ni sanduku la kumi na nne. Wageni mnawaambia kwamba Bi. Ohlwein alimpoteza mdogo wake kwenye umati, akapata utulivu alipoandika. Haikuwa hivyo. Alimwachia, akamtafuta maisha yake yote. Waambieni yote mawili, na muwaonyeshe sanduku hilo.

Kisha nikafungua ile barua niliyokuwa nayo mkobani. Ilitoka kwa mama mmoja wa kijiji cha kaskazini mwa Ujerumani, mwandiko mkubwa wa mtu asiyeona vizuri. Hakudai kuwa Trude. Aliandika kwamba ameshasoma habari za kovu kutoka kwa rafiki yake aliyejibiwa, na mikono yake yeye haina alama. Alikuwa na swali moja tu. Yeye pia aliachwa stesheni, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyekuja kuuliza. Alitaka kujua kwa Bi. Ohlwein, kwa kuwa ndiye wa upande ule mwingine: wale waliopanda treni, je, waliwatafuta?

Siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa Ijumaa. Asubuhi mlikuwa mnapamba chumba cha mikutano mkidhani sioni. Mimi nilikwenda kwenye mashine, nikanakili barua zote za Januari, moja moja, pamoja na majibu yake ya mistari miwili. Nikaandika kwa Kijerumani changu cha Leipzig kwamba Bi. Ohlwein amefariki, kwamba mimi ndiye niliyekuwa katibu wake, na kwamba jibu la swali lake ni ndiyo, ushahidi umeambatanishwa. Nikatia saini jina langu mwenyewe. Bahasha ilikuwa nzito, stempu zikajaa upande mzima, na niliipeleka posta kwa miguu kabla ya keki.